Pombe na Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza





Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Agosti na vyuo vikawa karibu kufunguliwa, nyumba nyingi za Koboko na Arua huingia katika shughuli moja. Godoro hukunjwa na kufungwa kamba, ndoo hujazwa sabuni na sukari, sanduku la bati hutiwa kufuli mpya. Ada imekwisha kupatikana kwa taabu: huyu ameuza tumbaku, yule ufuta na muhogo, mwingine mbuzi wawili na pikipiki ya ndugu yake. Kijana aendaye Kampala ana safari ya zaidi ya kilomita 500, avuke Nile kwa daraja la Pakwach. Aendaye Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza kufundisha mwaka 2013 pembezoni mwa Arua, au tawi la Arua la Chuo Kikuu cha Kiislamu, yu karibu na nyumbani, walakini naye atalala chini ya dari isiyo ya baba yake. Usiku wa mwisho husomwa dua, na baada ya dua mzee mmoja husimama kutoa nasaha. Katika nyumba nyingi nasaha hiyo ina sentensi moja isiyokosa kusemwa: Huko uendako, mwanangu, wanafunzi wote hunywa pombe, wewe usinywe.

Hotuba hii ni juu ya sentensi hiyo. Asemaye ana nia njema, na hapana katika mkutano huu awezaye kumlaumu. Lakini maneno yake yana sehemu mbili, na kijana huzipokea kwa namna mbili mbalimbali. Amri iliyo mwishoni huiheshimu. Habari iliyo mwanzoni huiamini. Huondoka na katazo la baba yake, na papo hapo huondoka na yakini ya kwamba asiyekunywa huko atakuwa peke yake. Katazo lilitoka nyumbani, na nyumbani kunabaki nyuma kila gurudumu la basi linapozunguka. Yakini husafiri naye.

Na habari yenyewe si kweli. Si kweli kwamba wote hunywa: wapo Waislamu wanaoshika dini yao, wapo Walokole wasiogusa kileo, wapo wasio na pesa, na wapo wengi ambao pombe haiwapendezi tu. Mwaka 1993 wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Deborah Prentice na Dale Miller, walitangaza uchunguzi walioufanya katika Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani. Waliwauliza wanafunzi mambo mawili: wewe mwenyewe unaonaje unywaji wa pombe ulivyo hapa chuoni, na unadhani wenzako wanauonaje? Ikaonekana kwamba aliyeulizwa aliudhika na unywaji ule kuliko alivyowadhania wenziwe kuudhika. Maana yake ni kwamba kila mmoja alikuwa na mashaka yake moyoni, akayaficha kwa kudhani kwamba ni yake peke yake. Tena miezi ilipopita, vijana wa kiume walianza kubadili maoni yao wenyewe ili yafanane na maoni ya wengi, nayo maoni hayo ya wengi hayakuwa ya wengi hata kidogo.

Princeton ni mbali na West Nile, lakini sababu ya kosa hilo inaonekana katika bweni lolote. Ikiwa bweni lina vijana 40, na 5 kati yao wakarudi saa sita ya usiku wakiimba na kupiga mabati, asubuhi itasemwa kwamba bweni zima lililewa. Wale 35 waliokuwa wamelala hawakutoa sauti, na mtu aliyelala hana habari ya kusimuliwa. Mgeni wa wiki ya kwanza huhesabu kwa masikio. Naye alikuja akiwa amekwisha kuambiwa na mzee wake hesabu itakuwa ngapi.

Hayo ni matarajio yake juu ya watu. Yako na matarajio ya pili, juu ya kinywaji chenyewe, nayo yana nguvu zaidi. Kijana ambaye hajapata kuonja hata tone huwa na orodha kamili ya mambo ambayo pombe itamfanyia: itamwondolea haya, itamfungua ulimi mbele ya wasichana, itamsahaulisha mtihani, itamfanya rafiki wa watu asiowajua. Orodha hiyo aliipata wapi, maadamu hajanywa? Kwa hakika aliipata kabla ya chupa, na chupa ikifika huikuta imekwisha kuandikwa.

Nguvu ya orodha hiyo imepimwa. Mwaka 1973 Alan Marlatt na wenziwe walitangaza uchunguzi ambamo waliwakalisha wanaume mezani, wakawaambia kwamba kazi yao ni kuonja vinywaji na kutoa maoni. Wengine waliambiwa wanapewa vodka iliyochanganywa na maji ya toniki, na wengine waliambiwa ni toniki tupu. Lakini wachunguzi walificha jambo: katika kila kundi, nusu walipewa chenye kileo na nusu kisicho na kileo, bila ya kutazama waliyoambiwa. Matokeo yakawa kwamba walioamini kuwa wanakunywa vodka walikunywa zaidi, hata pale glasi ilipokuwa na toniki tupu. Na walioamini kuwa ni toniki walikunywa kwa kiasi kidogo, hata pale kileo kilipokuwamo. Na kati ya watu wale walikuwamo walevi wa siku nyingi, ambao watu hudhani mwili wao huitambua pombe kama chuma kinavyotambua sumaku.

Kabla ya hapo, mwaka 1969, Wamarekani wengine wawili, Craig MacAndrew na Robert Edgerton, walikuwa wamekusanya habari za ulevi kutoka katika mataifa mengi, wakaona kwamba mlevi wa mahali huishi kwa desturi ya mahali. Pako ambapo wanywaji hunyamaza na kusinzia, pako ambapo hupigana, na pako ambapo hupigana katika karamu fulani tu na katika nyingine wakakaa kwa adabu. Wazee wa Koboko hawahitaji kitabu kulijua hilo. Kwete iliyonywewa baada ya kulima shamba la jirani ilimaliza kazi kwa nyimbo na usingizi. Kileo kilekile, kikiingia katika dansi ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, huvunja viti. Tofauti haikuwa katika mtungi.

Basi ni nani aliyeiandika orodha? Sehemu yake ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zikawakataza Waafrika kunywa pombe kali za Kizungu hadi miaka ya 1950. Mwafrika aliruhusiwa mtungi wa kienyeji. Chupa ilikuwa ya bwana. Katazo hilo halikuwekwa kwa kumcha Mungu wala kwa kuwahurumia wanywaji, nalo lilizaa matunda lisiyoyakusudia: liliifanya chupa kuwa cheo. Katazo lilipoondolewa, Makerere ilikuwa imekwisha kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London tangu mwaka 1949, na wasomi wa kwanza wenye shahada walikuwa wakitoka. Elimu na chupa viliingia mlango mmoja kwa wakati mmoja, na watu wengi wakavidhania ni ndugu. Hata leo yuko mzazi ambaye hucheka akimwona mwanawe aliyesoma akishika glasi, ambaye angemrudi vikali lau angemkuta kwenye kibuyu.

Lisifichwe pia jambo ambalo masikio ya jumuiya hii hayalipendi. Huko Nairobi, pombe iliyokenekwa iliitwa kwa muda mrefu jini ya Kinubi, na ufundi wa kukeneka unahusishwa na askari wa Kisudani waliokuja katika nchi hizi pamoja na familia zao katika karne ya 19. Familia hizo zilikuwa za Kiislamu. Wajane walikeneka kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kulisha watoto, na katika West Nile wako akina mama wa kila dini walioisomesha jamaa yao kwa enguli ya muhogo na kwa kwete. Asemaye kwamba pombe ni jambo la watu wengine, basi hajauliza ada yake ililipwa na nini.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya mpika kwete ameuona mwisho wa mambo: amemwona jirani akilala mtaroni, amemwona mteja akilia kama mtoto na kurudi kesho kukopa. Matarajio yake yamepunguzwa na macho yake. Lakini mtoto wa nyumba ya Kiislamu ya Oli, au ya jirani na msikiti wa Koboko, aghlabu hajauona ulevi kwa karibu. Anaujua kwa tangazo la barabarani lenye vijana wazuri wanaocheka, kwa nyimbo, na kwa picha za simu. Nyumbani aliambiwa kwamba ni haramu, nalo neno hilo ni la kweli na linatosha kwa mwenye imani iliyotulia. Lakini hakuelezwa lolote zaidi, kana kwamba kueleza ni kuonjesha. Matokeo yake, anaingia chuoni akijua katazo kwa usahihi kamili, na kitu kilichokatazwa akikijua kwa maneno ya muuzaji peke yake.

Qurani Tukufu haikufanya hivyo. Masheikh waliohudhuria wanajua zaidi kwamba katazo lilishuka kwa daraja: katika Suratul Baqara imekubaliwa kuwa yako manufaa kwa watu, na dhambi yake ikatajwa kuwa kubwa zaidi, katika Suratun Nisaa watu wakazuiwa kuikaribia sala hali wamelewa, kisha katika Suratul Maida likaja katazo kamili. Waliokatazwa kwanza walifahamishwa, na hawakudanganywa kwamba kitu kile hakina utamu. Mzee amwambiaye kijana kwamba pombe ni chungu tu na ni balaa tu atashindwa siku ya kwanza, kwa sababu saa ya kwanza ya ulevi kwa kawaida si balaa.

Na ukweli wa mambo ya mwili ni huu. Kileo kinapopanda katika damu, mtu huona wepesi na uchangamfu. Hapo ndipo orodha ya matarajio huonekana kutimia. Kinapoanza kushuka, huja uzito, huzuni na usingizi mbaya. Kijana hukumbuka kupanda, husahau kushuka, na akijisikia anashuka huongeza ili apande tena, lakini hakirudi pale. Ini huondoa kileo polepole, kiasi cha kinywaji kimoja cha kawaida kwa saa moja, na wala kahawa, wala kuoga maji ya baridi, wala kutapika hakuliharakishi. Msichana mwenye uzito sawa na mvulana, akinywa sawa naye, kwa kawaida damu yake hupata kileo kingi zaidi. Usingizi wa mlevi huvunjika katika nusu ya pili ya usiku, na somo lililosomwa jioni halikai vizuri kichwani. Kwa hiyo anayekunywa ili asahau mtihani hufaulu kweli kuusahau.

Zaidi ya hayo ni hatari ya kutojua kilichomo. Serikali ya Uganda ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko vya nailoni mwaka 2019, kama Tanzania ilivyofanya kwa viroba mwaka 2017. Katazo hilo lilikuwa na faida, maana kifuko kiliingia mfukoni mwa shati la shule na bei yake haikumshinda mtoto. Lakini chupa ndogo zilikuja mahali pake, na vijana watatu au wanne wanaweza kuchanga. Mwezi wa Agosti mwaka 2022, mwezi uleule wa safari za vyuoni, watu wasiopungua 10 walifariki katika Arua na sehemu za jirani kwa kunywa pombe kali iliyouzwa madukani ikiwa na methanoli. Miaka 12 kabla yake, mwaka 2010, waragi yenye sumu hiyohiyo iliua watu zaidi ya 80 Uganda, wengi wao katika wilaya ya Kabale. Methanoli haitambulikani kwa ladha wala kwa rangi. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho, na dalili zake, yaani maumivu ya tumbo, kuona ukungu na kupumua kwa shida, zaweza kukawia nusu siku au siku nzima, mtu akadhani ni uchovu wa ulevi wa jana. Akifikishwa hospitali mapema yuko wa kupona.

Kufikishwa mapema ndiko kunakorudisha maneno haya mahali yalipoanzia. Achukuliwe kijana wa Kiislamu kutoka Koboko, mwaka wake wa kwanza, wiki ya tatu. Amekunywa mara moja tu, kwa kuwa aliamini wote hunywa na hakutaka kula peke yake. Usiku wa manane jicho lake linaona ukungu. Walio naye chumbani ni wale alionunua nao chupa. Wakimpeleka Hospitali ya Rufaa ya Arua, habari itafika nyumbani kabla ya alfajiri, maana mji ni mmoja na kila muuguzi ana shangazi. Yeye mwenyewe anaomba wasimpeleke. Anaogopa kifo, naam, lakini anaogopa zaidi uso wa baba yake.

Na hata pasipo sumu, iko hasara nyingine ya taratibu ambayo huwapata wengi zaidi. Kijana aliyeanguka mara moja huona haya kuingia msikitini Ijumaa inayofuata. Anadhani wote wanajua. Ijumaa ya pili huenda mbali, ya tatu haendi. Marafiki wa msikitini wakipungua, wanaobaki ni wa chupa tu, na sasa lile neno la mzee limekuwa kweli kwake: wote anaowajua hunywa. Mwanzoni halikuwa kweli. Lilifanywa kuwa kweli kwa kuogopwa, kisha kwa haya, na likatiwa muhuri na jumuiya yenyewe siku ilipompita njiani bila ya kumsalimu. Kunywa ni dhambi yake, naye ataulizwa. Lakini kuhusu mlango uliofungwa, wenye funguo nao wataulizwa.

Yapo basi mambo machache yaliyo katika uwezo wa jumuiya, wala hayahitaji fedha nyingi. Nasaha ya usiku wa dua ibadilishwe sehemu yake ya kwanza. Mzee aseme yaliyo kweli: kwamba huko atawakuta wanaokunywa na atawakuta wengi wasiokunywa, kwamba wasiokunywa hawapigi kelele, na kwamba kazi yake ya wiki ya kwanza ni kuwatafuta. Ikiwezekana asitafute gizani. Kila chuo kina Waislamu wa mwaka wa pili na wa tatu waliotoka Koboko, Arua, Yumbe na Maracha; majina yao yaandikwe hapa nyumbani, na mgeni apewe jina moja na namba ya simu kabla ya kupanda basi. Huyo mwenyeji ampokee kituoni, ale naye siku za mwanzo, ampeleke msikitini na vilevile kwenye mpira. Mgeni huambatana na mtu wa kwanza aliyemfanyia wema, na mara nyingi wa kwanza kumfanyia wema chuoni ni yule mwenye chupa, ambaye ni mkarimu na ana nafasi. Hili ni jambo la kuona haya kidogo, kwamba wenye chupa wamewazidi watu wa msikiti kwa ukarimu.

Pili, wasichana wasisahauliwe katika mpango huu kwa kudhani kwamba jambo haliwahusu. Mwenyeji wa msichana awe msichana, na mama mmoja wa Arua akubali kupigiwa simu saa yoyote ya usiku pasipo kuuliza kwanza alikuwa wapi.

Tatu, pawe na ahadi iliyotamkwa waziwazi na baba mwenyewe, usiku ule wa dua, mbele ya watu: kwamba mtoto akiugua kwa sababu yoyote ile, yeye na wenziwe waende hospitali kwanza, na mazungumzo yatakuwa baadaye. Baadhi ya wazee wataona kwamba kusema hivyo ni kutoa ruhusa. Wakumbuke kwamba kijana yule wa wiki ya tatu alikuwa na katazo kamili, na katazo halikuweza kumwinua kitandani.

Majina ya wenyeji wa mwaka huu yanaanza kupokelewa baada ya sala ya Alasiri, kwenye meza iliyo karibu na mlango, ambapo vijana wameketi.